Anazima injini kwenye mteremko, nami nimekaa nyuma

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Nafanya kazi ya chanjo, na vijiji vyangu viko upande wa Budadiri, juu huko mlimani, kwa hiyo wiki nzima naendesha pikipiki ya kazini kwenye barabara za udongo. Permiti ya pikipiki nilikuwa nayo kabla sijaolewa. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata.

Baba Watoto ana duka la vipuri vya pikipiki mjini, na ana Boxer 150 yake mwenyewe ambayo haruhusu mtoto hata kuiegemea. Wanaume wengine jioni wako kwenye kibanda cha mpira. Wa kwangu yuko sebuleni, anatazama video za barabara za milimani na kuhesabu kona. Mwanzoni nilimcheka, baadaye nikaambukizwa. Sikukuu ya Idd tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukapanda Sipi mpaka Kapchorwa, yeye mbele, mimi nyuma.

Kupanda kulikuwa raha tupu. Ukishaacha Muyembe barabara inaanza kujikunja, migomba na mibuni pande zote, na kila kona mnayoimaliza inawaonyesha ile tambarare ya upande wa Karamoja ikizidi kushuka chini yenu. Maporomoko ya Sipi yalipotokea nilimwomba tusimame nipige picha. "Tutasimama mbele," akasema. Mbele hiyo ikawa nyumbani.

Kurudi ndiko kulikonifanya nikuandikie. Tulipoanza kuteremka kutoka Sipi nikasikia kimya. Nikadhani mafuta yameisha. Kumbe ametoa gia, amezima injini, anateremka hivyo hivyo. "Tunaokoa mafuta, mama," akaniambia, tena kwa furaha. Tukashuka, watu wawili na mzigo, hakuna sauti ila ya upepo na tairi, na malori yanapanda kuja upande wetu. Nikaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikamgonga bega, hakusimama. Tulipokaribia chini nilimwona anakanyaga breki ya nyuma mpaka mguu unafika mwisho. Usiku nilipomweleza kwamba niliogopa, alicheka akasema abiria hamfundishi dereva.

Sasa ana mpango mkubwa. Mwishoni mwa Desemba anataka twende Kisoro tukaone mlima Muhabura na ile barabara ya Kanaba aliyoiona kwenye simu. Anasema tutatoka Mbale baada ya swala ya alfajiri, tutalala Mbarara, na kesho yake mchana tuko Kisoro. Nikamwambia basi tupokezane, nami si naendesha? Alikaa kimya, halafu akaniuliza watu watasema nini wakimwona mwanamume amebebwa na mke wake.

Wifi yangu mkubwa naye ameongeza kuni. Anasema hata kule Sipi nilimwaibisha kaka yake kwa kukaa mguu huku mguu huku. Mwanamke mwenye heshima, anasema, hukaa upande, na hamwelekezi mume njia.

Shangazi, sitaki kumvunja moyo. Katika rafiki zake wote ni yeye peke yake anayemwalika mkewe safari. Wengine wanaalikana wenyewe kwa wenyewe. Na mimi nataka kwenda, nataka sana. Lakini sitaki pia watoto wangu waje kuletewa habari. Nikatae? Niende ninyamaze? Au kuna namna ya kumwambia mtu anayeuza breki kwamba hajui breki?

Abiria wa Nyuma, Mbale

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na hilo swali lako la mwisho, maana mengine yanaweza kungoja na hili haliwezi.

Mumeo hakuokoa chochote pale Sipi. Pikipiki inayoteremka ikiwa kwenye gia hushikwa na injini yake yenyewe: ukiachia gesi, injini inaizuia isikimbie, na breki zinabaki na kazi ndogo ya kukuingiza kwenye kona. Ukitoa gia, mzigo wote unaangukia breki. Boxer nyingi za hapa kwetu zina breki za ngoma, na ngoma ikikanyagwa bila kuachiwa, watu wawili wakiisukuma kutoka juu, inashika moto mpaka breki inaanza kuteleza ndani yake. Ile harufu ndiyo hiyo. Mguu kufika mwisho ni jambo lile lile. Wala hukuwa mwoga siku ile, ulikuwa mtu pekee kwenye pikipiki aliyekuwa anasoma dalili.

Kuzima injini kabisa kunaongeza ubaya juu ya ubaya. Lori likikata kona na kuja upande wenu, dawa mara nyingine ni kuongeza mwendo kidogo na kupita, na yeye hana cha kuongeza mpaka aiwashe kwanza. Ukungu ukiingia au jua likizama, kumbuka kwamba pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele inapata umeme injini ikizunguka, kwa hiyo injini ikilala na taa inalala. Na hayo mafuta? Injini ndogo iliyoachiwa gesi kwenye mteremko inakunywa tone tu. Kutoka Sipi mpaka chini hakuokoa hela ya kununua roleksi moja, ile chapati ya mayai.

Lakini usimwendee na maneno hayo kama nilivyoyaandika. Mwulize swali la dukani. Wateja wa Kapchorwa na wateja wa mji wa Kumi, ni nani wanaorudi upesi kununua breki za nyuma? Kumi ni tambarare, Kapchorwa ni mlima, na wote wanaendesha Boxer zile zile. Kisha wale wa Kapchorwa wanaodumu na breki zao, awaulize wanateremkaje. Watamwambia wanachojua madereva wote wa milimani: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na breki inakanyagwa ikaachiwa, inakanyagwa ikaachiwa. Ukishauliza, nyamaza. Mfanyabiashara humwamini mteja wake upesi kuliko mkewe, na sisemi hivyo kwa ubaya. Mwache alete jibu mwenyewe baada ya siku chache, kana kwamba ni ugunduzi wake. Lipokee hivyo hivyo.

Sasa wifi yako. Mheshimu, mwandalie chai, umwulizie na watoto wake, lakini kwa hili usimsikilize hata dakika moja. Kukaa upande kwenye boda ya kutoka sokoni hadi nyumbani ni mazoea yetu, na hata huko watu wanaanguka. Kwenye kona za mlimani ni hatari iliyo wazi. Uzito wako wote uko upande mmoja, huwezi kulala pamoja na pikipiki inapoingia kona ya upande wa pili, na breki ya ghafla ikikushika huna cha kubana kwa magoti. Mguu huku mguu huku, ndiyo sahihi. Heshima yako itatunzwa na suruali pana chini ya dera. Dera lenyewe likunje ulikalie, na ncha za mtandio uzichomeke ndani ya koti, zisipepee nyuma. Kitambaa kikiingia kwenye cheni au spoku za gurudumu la nyuma hakimngoji dereva asimame. Hilo la kitambaa lingenikosesha usingizi hata kuliko breki, kwa sababu wanawake wengi hawaambiwi na mtu.

Helmeti ziwe mbili, na yako ujaribu mwenyewe dukani. Tikisa kichwa: ikizunguka peke yake, hiyo si yako. Sheria inataka mvae wote wawili, ila wanaume wetu wengi hununua moja nzuri ya mbele, ya nyuma wakaokota yoyote.

Umeniuliza ukatae au unyamaze. Mwanangu, huwezi kuniandikia kwamba unataka sana halafu nikuambie ukatae. Wala kunyamaza hakukusaidii, kwa sababu ulishajaribu kule Sipi na ulishuka hivyo hivyo. Nenda, lakini masharti yawekwe sasa, nyumbani, watoto wakishalala, wifi akiwa kwake. Barabarani hakuna masharti, kuna kelele za upepo tu na bega linalogongwa.

Na hilo bega ndilo sharti la kwanza. Ukimgonga mara moja, apunguze. Mara mbili, asimame mahali salama penye nafasi, maswali baadaye. Hajadili, hasemi "tutasimama mbele", hacheki. Nawe kwa upande wako usiligonge kwa kila ng'ombe unayemwona. Watu wawili kwenye pikipiki moja mwendo wao hupangwa na yule anayeogopa zaidi, na mumeo akilikubali hilo utashangaa jinsi woga wako mwenyewe utakavyopungua, kwa sababu utajua una breki yako.

Kuna na yako ya kutimiza huko nyuma. Wewe unaendesha, kwa hiyo mengi unayajua, lakini nimeona madereva wazuri wakiwa abiria wabaya: wanajaribu kuinyoosha pikipiki kwenye kona kwa kiwiliwili chao. Kona ikienda kushoto, tazama juu ya bega lake la kushoto, mwili utafuata wenyewe. Akipunguza mwendo, usimwangukie mgongoni, jizuie kwa mkono kwenye keria. Mkoba mzito ukae karibu nanyi, usining'inie nyuma kabisa, la sivyo gurudumu la mbele litakuwa jepesi kwenye mlima. Upepo wa tairi la nyuma na cheni atavishughulikia yeye, hiyo ni kazi yake na ana duka zima.

Tuje kwenye Kisoro yenyewe. Kutoka Mbale mpaka Mbarara ni karibu kilomita 500. Kwa Boxer, wawili, siku moja! Huo ni mpango wa mtu aliyetazama video zilizokatwa. Mtaingia barabara ya Masaka au ile ya kwenda Mbarara giza likiwa limetanda, mmechoka, taa za mabasi zinawapiga usoni, na ile barabara imeua watu wengi mno. Usiku isiwepo kabisa kwenye safari hii. Siku ya kwanza pitieni Tirinyi na Jinja, mkifika Bweyogerere mshike barabara ya mzunguko ya kaskazini mtokee Busega bila kuingia katikati ya Kampala, mlale upande huo. Siku ya pili Mbarara. Mtapumzika Lukaya mle nyama choma na gonja, zile ndizi za kuchoma, na mkipita Sanga mtazame vizuri pembeni, pundamilia wa mbuga ya Ziwa Mburo hutoka karibu na barabara. Siku ya tatu Kabale. Siku ya nne ndiyo mliyoisafiria.

Kutoka Kabale hadi Kisoro ni kilomita 80 hivi, lami. Mwenye haraka anaimaliza asubuhi. Ninyi ichukueni siku nzima, maana kama mtaipita kama alivyopita Sipi, afadhali aendelee kuitazama kwenye simu bure. Msiondoke mapema sana. Kabale iko karibu mita 2,000 juu, asubuhi ukungu unajaza mabonde yote, na baridi yake watu wa Mbale hamuijui. Koti zito, soksi, glavu hata za bei rahisi, kwa sababu vidole vilivyoganda havikamati klachi. Ukungu ukipanda, ondokeni. Mtapata ncha ya Ziwa Bunyonyi upande wa Muko, kisha mtapanda kwenye msitu wa Echuya wenye mianzi, na mkifika Kanaba, simameni. Gonga mara mbili kama hasimami! Mbingu ikiwa safi mtaiona milima yote mitatu mbele yenu, Muhabura wenye mita 4,127, Gahinga, na Sabinyo mwenye meno, ambaye kileleni kwake Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Mimi nilipofika pale nilikuwa abiria wa nyuma kama wewe, na dereva wangu alikuwa na akili ya kuzima injini mahali panapostahili, yaani tukiwa tumesimama.

Huko juu Boxer yenu itachoka. Hewa ni nyepesi, kabureta inachanganya mafuta mengi kwa hewa kidogo, na nguvu inapungua. Si ugonjwa. Fundi wa njiani akitaka kuchezea kabureta mwambieni asante, mshushe gia mapema na mpande polepole. Malori ya viazi yatakuwa polepole kuliko ninyi, na hapo ndipo mumeo atakapojaribiwa kuyapita kwenye kona. Liweke nalo kwenye masharti: hakuna kupita usikoona.

Mvua ikinyesha, hakuna safari siku hiyo, kaeni mnywe chai. Sisi watu wa karibu na Masaba, yaani mlima Elgon, hatuhitaji kufundishwa mvua inafanya nini kwenye mlima, maporomoko ya udongo ya Bududa ya mwaka 2010 bado tunayakumbuka, na milima ya Kigezi, huko Kabale na Kisoro, nayo huteremsha udongo barabarani. Mvua za vuli kule mara nyingi zinamalizika Desemba, kwa hiyo mkiweza kusogeza mpaka Januari, sogezeni. La sivyo mngoje Juni au Julai.

Kabla ya hayo yote nina shauri ambalo mumeo huenda asilipende. Mnakwenda zaidi ya kilomita 600 kutafuta mlima, na Masaba uko nyuma ya nyumba yenu, mita 4,321 pale kileleni Wagagai. Kapchorwa hamkuimaliza. Mbele yake barabara inaendelea mpaka Bukwo na Suam, mpakani na Kenya, kilomita 70 na kitu, siku hizi lami, kona nzuri tu, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde, na Kiswahili chenu kitatosha njia nzima. Nendeni huko kwanza, mlale, mrudi. Tazama kama atasimama ukimgonga. Sikiliza kama injini inanguruma kwenye mteremko wa Sipi. Akifaulu Suam, Kisoro nendeni kwa amani. Asipofaulu, basi Kisoro panda basi, umpokee kule, na umwambie sababu bila kupandisha sauti.

Limebaki la kupokezana. Hapa nitakuwa upande wako kuliko shangazi anavyotakiwa kuwa. Mwanamke anayepanda Budadiri kwa matope na boksi la chanjo mgongoni hana cha kuthibitisha kwa mtu. Na siku ndefu ya kuendesha inachosha mikono na macho, dereva wa pili ni usalama wa wote. Lakini usilipiganie Mbale. Mtoke mjini yeye akiwa mbele, wateja wake wamwone, wifi yako amwone, mpite Iganga na Jinja hivyo hivyo. Kuanzia Ntungamo hakuna anayemjua mtu, na ndani ya helmeti na koti la baridi hakuna atakayetambua nani mume nani mke. Hapo omba zamu yako. Kanaba ya kwenda iwe yake, ndoto ilikuwa yake. Kanaba ya kurudi iwe yako, umshushe mpaka Muko ukiwa kwenye gia, yeye akiwa nyuma ameshika keria.

Permiti usiisahau nyumbani. Askari wa Kabale hatataka kujua nani aliendesha asubuhi.

Shangazi